Mkono Kwenye Pazia

Jumamosi ile jengo la maduka lilifurika watu mpaka pa kukanyaga pakawa tabu. Watoto walililia aiskrimu, mama zao walijifanya hawasikii, na katikati ya ukumbi wa chini, kwenye maonyesho ya vifaa vya nyumbani, lilisimama dirisha lisilo na ukuta. Dirisha zima, fremu na kioo chake, juu ya jukwaa la mbao. Pazia la rangi ya maziwa lilikuwa likijikunja na kujikunjua hapo juu kwa mota, polepole, bila kelele. Kando yake alisimama mwanamke mwenye ovaroli ya bluu iliyonyooshwa pasi vizuri, kitambaa chekundu kichwani na bisibisi mfukoni. Kazini kila mtu alimwita Fundi, hata shangazi yake, ambaye ndiye mwenye biashara na ndiye aliyemfundisha kazi.

"Karibuni, haliumi!" Fundi aliwaambia watu. "Nataka mmoja tu aje aweke mkono."

Watu wakarudi nyuma. Kila mmoja alitaka sana kuona mkono wa mwenzake ukiwekwa. Katika kurudi nyuma huko walimbana kijana mmoja aliyekuwa akijipitia zake na boksi la fremu za miwani kwapani, wakamzungusha, na alipopata pumzi alijikuta yuko mbele ya jukwaa peke yake.

"Ahsante kaka kwa kujitolea," Fundi alisema.

"Mimi? Mimi nilikuwa napita tu."

"Ndiyo umeshafika. Weka boksi chini."

Kijana alicheka, akaweka boksi chini. Alivaa koti jeupe la kazini juu ya shati la kijani lililokolea, na miwani yenye fremu nyembamba iliyomkaa vizuri kupita kiasi. Fundi alijikuta akiitazama hiyo miwani kuliko kazi ilivyohitaji.

"Weka mkono juu ya hiki chuma cha chini ya pazia. Usivute, usisukume. Ulaze tu kama umeuweka mezani."

Kijana akalaza mkono. Fundi akabonyeza rimoti. Pazia likaanza kupanda taratibu, likaunyanyua mkono kidogo tu, kisha likasita, likasimama, likarudi chini na kuuachia. Watu wakaguna kwa mshangao.

"Limejuaje?" kijana aliuliza.

"Ndani ya mota kuna kihisi. Kinajua pazia likiwa peke yake lina uzito gani, kuanzia chini mpaka juu. Ukiongezeka hata uzito wa mkono, kinajua hapa kuna mtu. Linasimama, linamwachia."

"Na kama mtu mwenyewe hataki kuachiwa?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi alihisi masikio yakimpata moto. "Huyo asogee pembeni, wengine nao waone."

Akasogea pembeni. Lakini jioni, maonyesho yalipokuwa yakifungwa na Fundi akikunja nyaya, koti jeupe likatokea tena.

"Nimekuja kuulizia mapazia."

"Una madirisha mangapi?"

"Dukani kwangu? Hakuna hata moja. Ni chumba cha katikati huko ghorofani, napima watu macho kwa taa."

"Sasa pazia la nini?"

"Ndiyo nimekuja tushauriane."

Kwa maneno hayo walianza. Yeye alimwita Fundi kama wengine, ila alilitamka neno hilo kwa namna iliyomfanya mwenyewe ageuke haraka. Fundi alimwita Miwani. Simu zikaanza kupigwa asubuhi kabla ya chai na mchana wakati wa chakula, simu za "Umekula?" na "Umekula nini?" na "Mbona husemi umenimisi?" Shangazi alisema siku hizi ngazi za duka zinapandwa na mtu anayecheka peke yake, na kwamba kampuni ya bima haitaelewa.

Siku moja Fundi alikwenda kupimwa macho. Alivaa gauni la maua madogo na viatu vya kisigino, akakaa kwenye kiti kile kirefu, na Miwani akazima taa kubwa.

"Soma mstari wa chini."

"Siuoni."

"Wa juu yake?"

"Nao una ukungu."

Miwani akasogea karibu, akambadilishia kioo, akamtazama ndani ya jicho kwa kile kitaa chake kidogo. Alinukia sabuni na karatasi mpya. "Fundi, una macho mazima kama ya paka. Unanidanganya."

"Kwa hiyo unanifukuza?"

"Nakubadilishia kioo kingine," alisema, na akambadilishia vioo vyote vya kwenye kasha mpaka wateja wa nje wakaanza kukohoa.

Baadaye ndipo likaja suala la mama yake. Mama Miwani alikuwa mkunga mstaafu, mjane, anaishi ghorofa ya tatu kwenye chumba cha mbele kinachopigwa na jua la mchana bila huruma. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Kamba za mapazia zilimshinda kuvuta, basi alikuwa akiketi gizani kutwa au akichomwa na jua kutwa.

"Mfungie lako," Miwani alisema kwenye simu. "Lenye kihisi cha mwanga, lipande na kushuka lenyewe."

"Yaani mara ya kwanza kumwona mama yako niingie na ngazi begani?"

"Akuone ukiwa kazini. Wewe kazini ndiyo mzuri zaidi."

"Na nisipokuwa kazini?"

"Hapo ndiyo siwezi kuongea kabisa."

Fundi akaenda. Alisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo mama," akaitikiwa "Marahaba mwanangu," akapimwa kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soli za buti. Mama alikuwa mwembamba, mnyoofu, mwenye bangili nene ya shaba mkononi na sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wasukume na wakasukuma. Alimtazama akitoboa ukuta, akatazama jinsi alivyotandika gazeti chini ili vumbi lisimwagike sakafuni. Akatikisa kichwa kwa kuridhika na kwenda jikoni.

Sasa, pazia jipya la mota halijui lolote. Lazima lifundishwe. Fundi anabonyeza kitufe kule juu kwenye kasha, pazia linapanda na kushuka mara kadhaa likiwa tupu, na kihisi kinakariri nguvu inayotakiwa katika kila hatua ya safari. Kikishakariri, huo ndio uzito wake wa siku zote. Kwa hiyo wakati wa kufundisha hakuna kitu kinachoruhusiwa kugusa pazia, na kwa shangazi ilikuwa amri: ukibonyeza kitufe, shuka ngazi, simama sakafuni, tazama.

Fundi alibonyeza kitufe. Miwani alikuwa chini, ameshika ngazi.

"Umeshika vizuri?"

"Nimeshika."

"Mikono miwili?"

"Miwili." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, Miwani akasema, "Fundi, nikimleta mama kwenu kukuomba, utakubali?"

Pazia lilikuwa limeshaanza kutembea. Fundi alipaswa kushuka. Lakini uso wake wote ulikuwa umechanua, meno yote nje, na akaona haya mtu huyu kumwona hivyo. Akaingiza kichwa karibu na kasha la mota, akajifanya anakaza skrubu ambayo ilikuwa imekaza zamani.

"Umenisikia?"

"Nafanya kazi," alijibu kutoka ndani ya kasha. "Hebu niache nifanye kazi."

"Hilo ni ndiyo au hapana?"

"Hilo ni shika ngazi."

Miwani alicheka. Pazia likamaliza safari zake, taa ndogo ya kijani ikawaka, na jikoni masufuria yakalia kuliko ilivyohitajika. Siku ile Fundi alirudi nyumbani kwa miguu njia nzima, akiwa amesahau kwamba alikuja na gari la duka.

Siku ya tatu Miwani alipiga kusema kwamba mama amefurahi, ila pazia linatembea kama linakwenda msibani, kwa hiyo yeye ameliongezea kasi kwa ile programu yake ya kwenye simu. Fundi alimkemea. "Usiguse kitu changu. Lile linaanza taratibu na kusimama taratibu kwa sababu maalumu." Miwani aliahidi kuacha.

Simu iliyofuata haikuwa na salamu.

"Fundi, pazia lako limemkamata mama."

Alipofika, mama alikuwa kwenye kiti, mkono umefungwa bandeji kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Alikuwa akipangusa vumbi pale dirishani. Wingu likapita, kihisi cha mwanga kikaona jua limeondoka, pazia likaanza kupanda. Bangili yake ilikuwa imenasa kwenye ncha ya chuma cha chini. Pazia halikusita. Lilimnyanyua mkono mpaka akasimama kwa ncha za vidole, mpaka bangili ikajipinda na kuchomoka ikiwa imemchuna ngozi, naye akaanguka. Bahati kiti kilikuwa karibu.

Fundi alitundika begi lake la vifaa kwenye chuma cha chini, akabonyeza rimoti. Pazia likalibeba begi hadi katikati ya dirisha kama halikuona kitu. Kazi yote aliyoifanya maishani ilikuwa kuhakikisha jambo hilo halitokei, na limetokea kwa mama huyu.

"Ulisema linajua kuna mtu," Miwani alisema nyuma yake.

"Linajua."

"Halikujua!"

"Uliongeza kasi kwenye simu. Nilikukataza."

"Kasi? Mama ameninginia dirishani, wewe unaniletea habari ya kasi?"

"Natafuta sababu."

"Unatafuta wa kumbebesha."

"Nyamazeni," mama alisema. Hakupaza sauti. "Lifungeni kamba hilo, lisitembee tena." Kisha akamgeukia Fundi. "Ahsante kwa kuja, mwanangu. Nenda salama."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Fundi alishuka ngazi za ghorofa zile akishika ukuta.

Usiku haujaingia Miwani akapiga simu, sauti kavu. "Mama amesema hawezi kwenda kwa watu kuomba mchumba akiwa na bandeji aliyofungishwa na mchumba mwenyewe."

Lilikuwa neno la kuchekesha, na siku nyingine wangelicheka mpaka simu iishe chaji. Hakuna aliyecheka. "Na wewe unasemaje?" Fundi aliuliza.

"Mimi nasema hukuomba hata msamaha. Ulianza na simu yangu."

Akakata. Na ukweli ni kwamba Fundi alijua, hata wakati akisema, kuwa kasi haihusiki kabisa na kumbukumbu ya uzito. Alilisema kwa woga, kama mtu anayedondosha sahani na kumtazama aliye karibu. Hilo lilimla moyo siku nyingi, na simu haikuita. Aliacha kuvaa kitambaa chekundu. Shangazi aliona, akampunguzia kazi za juu ya ngazi.

Siku moja walikuwa wakifunga mapazia kwenye maktaba, yeye na shangazi. Pazia la kwanza lilikuwa limeanza kufundishwa. Mkutubi, mama mmoja mnene mchangamfu, akaja kuegemea dirishani na kuuliza kama rangi nyingine zipo. Akaweka kiwiko juu ya chuma cha chini, hivi hivi tu, katika mazungumzo.

"Mama! Mkono!" shangazi alifoka. Mkutubi akaruka. Shangazi akazima, akaomba radhi, akaeleza kwa upole, "Likijifunza na mkono wako, litadhani mkono wako ni sehemu ya pazia. Kesho litambeba mtu lisijue. Tunafuta, tunaanza upya."

Fundi alikuwa ameshika bisibisi hewani. Alisimama hivyo mpaka shangazi akamuuliza kama ameona jini. Alitoka nje, kwenye baraza la maktaba, akapiga ile namba ambayo vidole vilikuwa vimeijua hata kwa macho yamefumbwa.

"Naomba unijibu swali moja tu," alisema. "Siku ile nikiwa juu ya ngazi. Mkono wako wa pili ulikuwa wapi?"

Nyuma ya Miwani ilisikika sauti ya mteja akisoma herufi.

"Nilikwambia mikono miwili," Miwani alisema hatimaye.

"Najua ulichoniambia."

"Mmoja ulikuwa kwenye ngazi. Mwingine nilikuwa nimeulaza kwenye pazia. Kile chuma kilikuwa kinapanda na kushuka, na mkono wangu nao ukipanda na kushuka. Kama siku ile ya kwanza kwenye maonyesho. Nilikuwa nakutazama wewe, nikingoja ugeuke. Kwani..." Akasimama. Fundi alimsikia akielewa. "Fundi. Ni mimi?"

"Si wewe. Wewe hukujua, sikukwambia. Mimi ndiye niliyepaswa kushuka nitazame. Ningeshuka ningeuona mkono."

"Kwa nini hukushuka?"

Mtu alipita na rundo la vitabu. Fundi alimsubiri apite. "Nilikuwa nacheka. Uliponiuliza vile nilicheka uso mzima, nikaona haya unione. Nikaficha kichwa kwenye kasha. Na ile habari ya kasi nilijua si kweli. Niliogopa, Miwani. Nisamehe."

"Mungu wangu," alisema Miwani, na hakueleweka kama analia au anacheka. "Mimi nimekaa siku zote hizi nikijua hukutaka kunijibu."

"Kwa mama tunaenda lini?"

"Leo. Nafunga duka."

Mama aliwapokea kama wageni, akawaketisha kwenye makochi mawili tofauti. Bandeji ilikuwa imepungua, imebaki ya kifundo tu. Pazia lilikuwa limefungwa kamba ya manila juu kabisa, na jua limejaa chumbani. Bangili iliyopinda ilikuwa juu ya redio.

Fundi alieleza yote. Hakupunguza. Miwani naye akaeleza lake, akijikwaa pale pa mikono miwili, maana kumwambia mama yako kwamba ulikuwa ukimkodolea macho mwanamke juu ya ngazi si jambo jepesi hata kwa mtu mzima.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mmoja alidanganya, mwingine aliona haya, na aliyeninginia ni mimi."

"Ndiyo, mama," walisema kwa pamoja.

"Miaka yote nimezalisha. Unajua nilikuwa nikiwaambia nini wasaidizi wangu?" Alimtazama Fundi. "Furahi baadaye. Mtoto akishatoka salama, cheka, ruka, imba. Kabla ya hapo macho kazini."

"Ndiyo, mama."

"Haya, fungua kamba. Fanya nione."

Fundi akapanda ngazi, akafuta kumbukumbu yote ya pazia, akabonyeza kitufe, na safari hii akashuka papo hapo. Alimwamuru Miwani asimame ukuta wa pili, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa. Mwenyewe akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama. Pazia likashuka, likapanda, likashuka, tupu, laini, likipunguza mwendo kila lilipokaribia mwisho. Miwani alitaka kujikuna pua akaogopa. Taa ya kijani ikawaka.

Fundi akatundika bisibisi tu, nyepesi kuliko begi lile. Pazia likasita, likasimama, likashuka. Akaweka mkono wake mwenyewe. Likasimama. Alipogeuka, mama alikuwa ameshainuka kwenye kochi.

"Mama, subiri, nijaribu tena mimi—"

"Pisha."

Mama alifungua bandeji mwenyewe, taratibu, akaiweka mfukoni. Kovu lilikuwa bado jekundu. Akaulaza mkono ule ule juu ya chuma cha chini, akamtazama Fundi usoni, wala hakulitazama pazia.

"Bonyeza."

Fundi aliinua rimoti. Alibonyeza. Pazia likaanza, likaunyanyua mkono kidogo kabisa, na likasimama. Kisha likashuka na kuuachia.

"Tena," mama alisema.

Likasimama tena.

Mama alibaki ameulaza mkono pale kwa muda, kama anayesikiliza mapigo. Kisha akauondoa. "Siku ile nilikuwa jikoni. Swali nililisikia, jibu sikulisikia. Nikasema labda ni masufuria." Akamgeukia mwanawe. "Wewe, uliza tena. Leo hayuko juu ya ngazi."

"Naweza kushusha mikono?"

"Shusha," Fundi alisema.

Miwani alishusha mikono, akatengeneza miwani iliyokuwa imekaa upande. "Nikimleta mama kwenu kukuomba, utakubali?"

Fundi alihisi uso ukianza kuchanua vile vile, meno yote, na safari hii machozi juu yake. Hapakuwa na kasha la kujificha. Aliuacha uchanue. "Nitakubali," alisema. "Hata siku ile nilikubali, hukuniona tu."

Mama alikwenda kwenye redio, akachukua bangili, akaigeuza geuza kwenye mwanga, imepinda kabisa, haivaliki. Akampa Fundi.

"Ninyooshee hii," alisema. "Siwezi kwenda kwa watu kuomba mchumba mkono ukiwa hivi."

Fundi akatoa koleo mfukoni, akaketi sakafuni karibu na dirisha penye mwanga, akaanza kuinyoosha taratibu. Miwani alikuja kuketi kando yake na kushika upande wa pili wa bangili, kwa mikono miwili.